SOMO LA ROBO HII: Mtoto Anasoma, au Amekariri?
Jinsi ya kupanga na kupima mradi wa kusoma katika Darasa la Kwanza na la Pili



Somo la robo hii limetokana na darasa la kipaimara. Mchungaji wa usharika mmoja alikuja ofisini kwetu akiwa na jambo linalomsumbua. Vijana wake walikuwa wakijibu Katekisimu Ndogo vizuri, amri zote kumi pamoja na maelezo yake. Siku moja akawagawia Biblia na kutaka kila mmoja asome aya moja kwa zamu. Baadhi walikaa kimya kabisa. Mmoja alisoma Zaburi ya 23 kwa sauti nzuri, mwanzo hadi mwisho, huku Biblia yake ikiwa imefunguliwa kwenye kitabu cha Mambo ya Nyakati. Hao ni vijana waliokwisha kupita Darasa la Pili miaka mingi nyuma.

Kilichotuuma zaidi ni kwamba shule waliyosoma ni mojawapo ya zile tulizozihudumia kwa mradi wa vitabu, na katika taarifa yetu ya mwaka tuliandika kwamba mradi umefanikiwa.

Tuliitoa taarifa ile kwenye faili tukaisoma upya. Ilitaja vitabu vilivyogawiwa, walimu waliohudhuria semina, siku za semina, na idadi ya watoto "waliofikiwa". Kila takwimu ilikuwa ya kweli na stakabadhi zake zipo. Ila hapakuwa na sentensi hata moja iliyosema kwamba mtoto fulani, ambaye hapo mwanzo hakuweza kusoma, sasa anaweza. Hatukuwa tumemwuliza mtoto yeyote.

Tukaenda shuleni. Vitabu vingi tulivikuta kabatini, vimefungwa kwa kufuli, vingine vikiwa bado ndani ya nailoni. Mwalimu Mkuu hakuwa mzembe. Alitukumbusha, kwa upole, fomu ya makabidhiano tuliyomsainisha sisi wenyewe, yenye kifungu kisemacho kitabu kitakachopotea au kuharibika atakilipia. Kwa mshahara wa mwalimu, nani angevitoa vikashikwa na watoto zaidi ya mia katika chumba kimoja? Darasani tulimwomba mtoto mmoja wa Darasa la Pili atusomee ukurasa wa kwanza. Akasoma vizuri. Tulipofunika picha kwa kiganja na kumwonyesha neno moja tu katikati ya mstari, akaanza tena kutoka mwanzo wa ukurasa, akihesabu kwa kidole mpaka akalifikia.

Tumeona ni vema yale tuliyojifunza tangu siku ile tuyaweke hapa, kwa kuwa sharika kadhaa zimeomba kuanzisha miradi ya namna hii.

Kabla ya kununua chochote

Kamati nyingi huanza na bajeti. Mtu anasema, "Tununue vitabu mia tano," na kikao kinahamia kwenye bei. Tunashauri mkutano wa kwanza usitaje fedha kabisa. Uulize: watoto wetu wa Darasa la Pili wamekwama wapi? Jibu hilo halipatikani kwenye meza ya kikao.

Si jambo jipya. Wakati wa Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, wa mwaka 2002 hadi 2006, baada ya ada ya shule za msingi kufutwa, watoto waliingia shuleni kwa wingi na nchi nzima tukahesabu madarasa, madawati na walioandikishwa. Ilikuwa sahihi kuhesabu, maana mtoto asiye na darasa hasomi. Lakini Uwezo walipoanza tathmini zao hapa nchini mwaka 2010, wakipita nyumba kwa nyumba na jaribio la kiwango cha Darasa la Pili, ilionekana wazi kwamba wapo watoto wengi walio madarasa ya juu wasioweza kusoma hadithi fupi ya Kiswahili. Serikali nayo ilibadili mtaala wa Darasa la Kwanza na la Pili mwaka 2015, ukajikita katika Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, yaani KKK. Kamati ya usharika haina budi kuufahamu mtaala unaotumika sasa, tusije tukaleta njia yetu ya kufundisha ikagongana na ile mwalimu anayotakiwa kuifuata na ambayo Mthibiti Ubora wa Shule atakuja kuikagua.

Hapa tuseme jambo kwa wazee wetu. Shule nyingi tunazosaidia zilijengwa na Kanisa, na hadi leo tunaziita "zetu". Tangu Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ni shule za Serikali. Hivyo hatuingii darasani kwa barua ya Mchungaji pekee. Barua iende kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, nakala kwa Afisa Elimu Kata, kisha tukae na Mwalimu Mkuu na Kamati ya Shule. Tumewahi kuruka hatua hiyo kwa haraka ya kumaliza fedha za mwaka, na tulirudishwa getini pamoja na mgeni wetu. Halikuwa kosa la aliyeturudisha.

Kusoma kuna ngazi

Kiswahili kina neema moja: kinaandikwa kama kinavyotamkwa. Mtoto akishajua irabu tano na namna konsonanti inavyoungana nazo, anaweza kutamka karibu neno lolote. Anaanza na sauti ya herufi, anafuata silabi kama ba, ke, tu, halafu maneno mafupi, sentensi, aya, mwishowe hadithi anayoielewa. Penye ugumu ni kwenye miungano: mb, nd, ny, ngw, mbw, na ile tofauti ya ng ya "ngoma" na ng' ya "ng'ombe". Tumeona watoto wengi wanaokwenda vizuri hadi "kaka" na "baba", wakifika "mbwa" wanasimama kama gari lililoishiwa mafuta.

Neema hiyo hiyo ina mtego wake. Kwa kuwa kutamka ni rahisi, mtoto anaweza kusoma ukurasa mzima kwa usahihi bila kuelewa chochote. Katika sharika zetu ambako nyumbani watoto wanazungumza Kimasai, Kiiraqw au Kisukuma, Kiswahili wanakutana nacho shuleni. Mtoto wa namna hiyo akisoma "mbuzi amekula mihogo" kwa sauti safi, mwulize nani amekula nini. Akinyamaza, tatizo lake si herufi. Anahitaji kwanza kuzungumza, kusikia hadithi, kuimba na kucheza kwa Kiswahili, na hapo ndipo chekechea ya usharika ina kazi kubwa kuliko shehena ya vitabu. Sera ya Elimu ya mwaka 2014 iliifanya elimu ya awali kuwa ya lazima, lakini ukiangalia umbali wa shule katika baadhi ya mitaa yetu, mtoto wa miaka mitano hawezi kuufikia kwa miguu. Jengo la Kanisa la mtaa, ambalo Jumatatu hadi Ijumaa limefungwa, lipo karibu.

Siku ya kupima

Upimaji tunaoueleza hapa hauhitaji mtaalamu kutoka nje. Unahitaji watu wavumilivu, karatasi, penseli, saa yenye mshale wa sekunde au simu, na kivuli cha mwembe.

Msimwachie mwalimu wa darasa awachagulie watoto. Kwa nia njema kabisa atawaleta wale wanaomtia moyo. Chukueni daftari la mahudhurio, mchague kwa mpangilio, kwa mfano kila jina la tano, wavulana na wasichana wakitenganishwa ili wawe sawa. Mtoto aliyechaguliwa asipokuwepo siku hiyo, andikeni kwamba hayupo na muulizie sababu. Usimweke mwenzake aliyepo kimyakimya. Watoto wasiokuwepo mara nyingi ndio wanaochunga, wanaouza maandazi, au wanaoumwa mara kwa mara, na ndio hasa tunaowatafuta.

Pimeni mtoto mmoja mmoja, mbali na wenzake. Watoto ni wepisi wa kushika. Wakisikia hadithi mara tatu, wa nne ataisema bila kuitazama. Kwa sababu hiyo andaeni hadithi tatu au nne tofauti zenye urefu na ugumu ulio sawa, mzibadilishe. Mpimaji asitoke usharika ule ule. Tumepata matokeo yanayoaminika zaidi pale sharika mbili zilipobadilishana wapimaji, maana mwinjilisti akimpima mtoto wa mzee wa kanisa wake, kalamu inakuwa nzito kuandika sifuri.

Anzeni kwa kumsalimu mtoto na kumweleza kwamba huu si mtihani wala hataandikiwa alama kwenye ripoti yake. Kisha mpeni karatasi ya sauti za herufi, ya silabi, ya maneno ya kawaida. Baada ya hapo mpeni karatasi ya maneno ya kubuni, yasiyo na maana yoyote, kama "gefo", "lupeki" na "tomuna". Wanakamati wengi walicheka walipoiona karatasi hii kwa mara ya kwanza, na mzee mmoja aliuliza kama tunawafundisha watoto kunena kwa lugha. Lakini ndiyo karatasi inayotofautisha anayesoma na aliyekariri. Hakuna mtoto aliyewahi kukariri "lupeki". Akiweza kulitamka, ameliunganisha mwenyewe, silabi kwa silabi.

Mwisho, hadithi fupi na maswali matano. Maswali mawili yawe ya jambo lililoandikwa waziwazi, mawili ya kuunganisha mambo, na moja la kufikiri: "Kwa nini mama alirudi nyumbani haraka?" Kwa kila karatasi mpeni mtoto dakika moja. Kama hakuweza hata kimoja katika mstari wa kwanza, mshukuruni na mwondoe karatasi bila kumwacha ahangaike. Akilia, acheni. Mtoto mmoja tuliyemlazimisha kumaliza, kwa kuwa fomu ilikuwa na nafasi tupu, hakurudi shuleni wiki nzima. Mama yake alikuja kutuambia.

Utaratibu huu wa karatasi za dakika moja unafanana na ule unaotumika katika nchi nyingi kupima kusoma kwa madarasa ya mwanzo. Lakini tahadhari: msichukue viwango vya nchi nyingine mkavileta hapa. Idadi ya maneno kwa dakika ya mtoto anayesoma Kiingereza haifanani na ya anayesoma Kiswahili. Neno letu moja, "hawatatununulia", Mwingereza analiandika kwa maneno matano au sita. Ndugu zetu wahisani wameelewa jambo hili haraka tulipowaandikia mfano huo.

Wastani unavyoficha

Tuseme mmepima watoto kumi, na maneno waliyosoma kwa dakika ni haya: 0, 0, 0, 0, 0, 0, 40, 45, 50, 55. Jumla ni 190, wastani ni 19. Mtu akiandika katika taarifa kwamba watoto wa shule ile wanasoma maneno 19 kwa dakika, msomaji ataona darasa zima linajikongoja pamoja, na atashauri mazoezi ya kuongeza kasi. Hakuna mtoto hata mmoja wa namna hiyo. Yapo madarasa mawili ndani ya chumba kimoja: wanne wanaosoma, na sita ambao hawajaanza. Wale wanne wanahitaji vitabu vya hadithi. Wale sita hata mkiwapa maktaba nzima haitawasaidia. Wanahitaji mtu wa kuwarudisha kwenye silabi, kila siku, kwa nusu saa, bila kuwaaibisha.

Kwa hiyo namba ya kwanza kuandika ni idadi ya wenye sifuri. Ya pili ni ngazi ambayo kila mtoto amefika. Wastani, kama mhisani anautaka, uandikwe mwishoni.

Lipo pia swali la kulinganisha. Mtoto aliyepimwa Februari atasoma vizuri zaidi Novemba hata kama usharika haukufanya lolote, kwa kuwa amekua na mwalimu wake amefundisha. Tukichukua ongezeko hilo lote tukaliita matunda ya mradi, tunajisifu kwa kazi ya mwalimu. Njia nyepesi ni hii: pimeni Darasa la Pili la mwaka huu mwezi Novemba, kabla mradi haujaanza. Mwaka unaofuata, mwezi ule ule wa Novemba, pimeni Darasa la Pili lililopata huduma ya mradi, kwa karatasi za ugumu ule ule. Mnalinganisha Darasa la Pili na Darasa la Pili. Kama wenye sifuri wamepungua, mna jambo la kuzungumza. Na kama mwaka huo Serikali ilileta mwalimu mpya, au shirika jingine lilikuwa likifanya kazi pale, andikeni na hilo.

Mkumbuke pia kalenda. Ukipima wakati wa palizi au mavuno, utakuta nusu ya darasa lipo shambani, na mwaka unaofuata ukipima wiki ya kawaida utaona maendeleo makubwa ambayo kwa kweli ni mahudhurio tu.

Fedha ziende wapi

Baada ya kupima, bajeti huwa inabadilika, na mara nyingi inapungua. Katika shule ile ya kabati, tulianza kwa kufuta kile kifungu cha kulipa. Badala yake tuliandika kwamba vitabu vinatarajiwa kuchakaa, na kwamba kitabu kilichobaki kipya baada ya mwaka mmoja kitaombewa maelezo. Mwalimu Mkuu alicheka sana, akasaini, na akafungua kabati mbele yetu.

Jambo la pili lilikuwa watu. Baadhi ya akina mama wa usharika na vijana waliomaliza sekondari walijitolea kukaa na vikundi vya watoto kumi kumi baada ya masomo, kila kikundi kwa ngazi yake na si kwa darasa lake. Gharama ilikuwa chaki, kadi za silabi zilizokatwa kwenye maboksi, na uji. Uji ulileta mjadala mrefu kwenye kamati, wengine wakisema si jambo la kusoma. Wanaosema hivyo tunawaalika wakae na mtoto aliyetoka nyumbani alfajiri bila kula chochote, saa nane mchana, wamfundishe "ngwa, ngwe, ngwi".

Semina kwa walimu bado tunafanya, lakini fupi, na fedha iliyookolewa inalipia nauli ya mwalimu mzoefu wa shule jirani kuja kukaa darasani na mwenzake mara moja kwa mwezi. Pia tulimwomba mhudumu wa macho kutoka hospitali apite madarasani. Miongoni mwa watoto waliokuwa wakiitwa "wazito" walikuwepo ambao tatizo lao lilikuwa kutouona ubao.

Taarifa ngumu

Baada ya ziara ile ilitupasa kuamua kama tuwaandikie wahisani. Kikao kilikuwa kirefu. Wengine walisema wahisani wakijua, fedha zitakatwa, na watakaoumia ni watoto. Hoja hiyo si ya kudharau. Mwaka mwingine tulimwona jirani yetu akifungiwa mradi. Wengine walisema tusubiri tupate matokeo mazuri kwanza, ndipo tueleze yote kwa pamoja. Mchungaji wa darasa la kipaimara, aliyekuwa kimya, aliuliza tu kama vijana wake wasioweza kusoma tungewaandika ukurasa wa ngapi.

Tuliandika. Barua ilikuwa ya ukurasa mmoja na nusu: tulichosema, tulichokikuta, kwa nini, na tunachoomba kubadilisha. Wahisani wale walichukua muda kujibu, na hatutaficha kwamba wiki hizo tulilala vibaya. Walipojibu, walipunguza fungu la vitabu kwa mwaka uliofuata, jambo lililotuuma, lakini wakakubali fungu dogo la upimaji na la wanaojitolea, na wakaomba kila taarifa ianze na idadi ya watoto wenye sifuri. Tumefanya hivyo tangu hapo. Katika upimaji mmoja idadi hiyo ilipanda, kwa sababu tulianza kuwahesabu watoto waliokuwa hawahudhurii. Hiyo nayo tuliiandika, na sababu yake.

Kuhusu majina: taarifa zinazotoka nje ya shule zisiwe na jina wala picha ya mtoto aliyepata sifuri. Mzazi aambiwe matokeo ya mtoto wake, peke yake, kwa lugha ya kumtia moyo, na aonyeshwe la kufanya nyumbani, hata kama mzazi mwenyewe hajui kusoma. Anaweza kumwambia mtoto amsomee jioni na amwulize hadithi ilihusu nini. Wazazi kadhaa wametuambia kwamba hawakujua wana ruhusa ya kuuliza.

Vijana wale wa kipaimara hawakuahirishiwa ubarikio. Mchungaji aliwawekea saa moja ya silabi kabla ya kila kipindi, mlango ukiwa umefungwa ili wadogo zao wasichungulie. Wengine bado wanaendelea.

Kamati zinazotaka kujaribu upimaji huu zinaweza kuchukua karatasi za mfano katika ofisi ya maendeleo ya Dayosisi, au kwa wakuu wa majimbo. Kabla hamjaja, jadilini kwanza katika kikao chenu: ni nani kati yenu amemsikiliza mtoto wa Darasa la Pili akisoma mwezi huu, na alisoma kitabu gani? Njooni na majibu yenu, pamoja na jina la usharika wa jirani ambao mko tayari kubadilishana nao wapimaji. Penseli mje nazo.